Mkwe wa Mkanda wa Tano

Lugano, binti mwenye studio ya kutafsiri filamu pale Kyela mjini, alikuja nyumbani kwangu na vitu vitatu: daftari jipya, soda na lawama. Daftari ni ili niwaandikie ninyi vijana wa kazi hii tulivyofanya zamani. Soda niliimaliza yeye akiwa bado anasalimia. Lawama ni kwamba katika kazi yangu ya mwisho, ile michezo ya kuchekesha ya zamani niliyoitafsiri upya studioni kwake kabla sijastaafu, kuna kosa kipande cha tano. Alinionyesha kwenye simu, akasimamisha picha, akaikuza kwa vidole viwili, akaniita baba kwa Kinyakyusa.

"Tata, hiki unachokisema hapa hakipo."

Nikamwambia aniachie daftari, nitamjibu humo. Jibu lipo, ila liko mbali kidogo. Mtu aliyekaa na maiki miaka yote hii hawezi kujibu kwa sentensi moja, na mke wangu anaweza kushuhudia.

Nianze na yale nisiyoyaandika. Sitaandika habari za kupanda cheo, kwa sababu juu ya kiti cha mtafsiri kulikuwa na kiti kimoja tu, cha mwenye banda, naye hakuwa na mpango wa kusimama. Mshahara nao nauacha. Ulikuwa mfupi, na maelezo yake yawe mafupi. Hata kustaafu kwenyewe hakukuwa na sherehe. Nilipomwambia mke wangu kuwa sasa nimestaafu aliuliza, "Kwani ulikuwa umeajiriwa?"

Kazi hii niliingia kwa uvivu wa kutembea. Wenzangu niliomaliza nao kidato cha nne walikwenda Mbeya, wengine Tunduma, wengine hawakusema. Mimi nilikwenda Ipyana, ambako tayari nilikuwepo. Banda la video lilikuwa nyuma ya nyumba yetu, unapita migomba minne na shimo la taka, umefika. Mpaka leo sijavuka Mto Songwe kwenda Malawi, ingawa mikanda yetu yote ilitoka huko na kila aliyeileta alinikaribisha. Nawashukuru. Malawi naionea hapa hapa.

Mwenye banda alikuwa Gwakisa, mtu mkavu, shati limenyooshwa, leso mfukoni. Leso haikuwa ya jasho. Ilikuwa ya kufutia deki ya kuchezea mikanda. Siku ya kwanza alinipa maiki iliyofungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, akaniuliza:

"Kiingereza unajua?"

"Nilipata C."

"C ya kusoma au ya kusikia?"

Nikaishika maiki kwa mikono miwili.

"Basi angalia mikono yao," alisema. "Mdomo una haraka, hutaufuata. Mkono unasema taratibu. Mtu akishika kiuno, kagombezwa au anataka kugombeza. Akishika paji la uso, kuna habari mbaya. Mengine jaza."

Nimejaza kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu. Hakuna shule nyingine niliyosomea kazi hii.

Siku hiyo ya kwanza nilipewa filamu ya mapigano, na nilifanya vizuri kwa sababu mapigano hayana maneno mengi. Nilisema "Toka!" na "Leo utanitambua!" kwa karibu saa moja na nusu, na watu wakaondoka wameridhika. Gwakisa hakunisifu. Alisema tu, "Aliyekufa usimwongeze maneno," maana kwa wenge langu nilikuwa nimempa marehemu mmoja sentensi mbili baada ya kuzikwa.

Niseme kuhusu vifaa, kwa sababu ninyi mnafuta kosa kwa kidole na mnadhani ilikuwa hivyo tangu Adamu. Deki yetu ikimeza mkanda ilikuwa haitemi mpaka ubembeleze kwa bisibisi. Kurudisha mkanda mwanzo tulitumia penseli, tukizungusha kwa mkono, ili mota isichoke. Adui yetu mkubwa hakuwa mwizi, alikuwa unyevu. Mnaijua Kyela: nguo inashinda kambani siku nzima na haikauki. Mkanda ukikaa wiki mbili unaota ukungu mweupe kama unga. Gwakisa alikuwa na dawa yake. Aliizika mikanda ndani ya debe la mchele, na mchele ukanyonya unyevu wote. Mchele wetu unanukia, kwa hiyo na mikanda yetu ilinukia. Mfanyabiashara mmoja aliwahi kunusa mkanda akauliza kama tumeupika.

Adui wa pili alikuwa mvua juu ya bati. Gwakisa alitandika majani ya migomba juu ya paa kupunguza kelele, lakini mvua ya mwezi wa nne haitandikiwi. Ikija hiyo, niliacha Kiswahili nikaingia Kinyakyusa, kwa sababu nimefanya utafiti wangu mwenyewe: Kinyakyusa kinapenya mvua. Kiswahili kinalowa.

Sasa kiwanja. Banda lilisimama kwenye kiwanja cha Mzee Ambakisye, mtu mrefu wa maneno machache, aliyefanya kazi migodini huko kusini akiwa kijana na kurudi na baiskeli nyeusi ambayo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Aliiingiza hadi ndani ya banda, akaiegemeza ukutani karibu na benchi lake. Kiwanja alitupa kwa sharti moja. Alilitamka mbele yangu: "Siku banda hili likifundisha utovu wa adabu, mnang'oa bati."

Mzee alikuwa mjane. Mwanawe mmoja tu aliyebaki nyumbani alikuwa wa biashara, wiki Karonga, wiki Kyela, wiki hajulikani. Kwa hiyo uani pale walibaki watu wawili: mzee, na Tusekile, mke wa mwanawe, aliyeolewa kutoka ng'ambo ya Songwe. Na ninyi mnaowapigia wakwe zenu simu na kuwatumia picha za chakula, hebu kumbukeni ilivyokuwa. Mke hakutani na baba mkwe. Akimwona njiani anachepuka, anapiga goti nyuma ya migomba mpaka apite. Hamtazami, hamtaji jina, hamsemeshi. Palipo na mama mkwe au watoto, ndio wanaopeleka maneno huku na huku. Uani kwa mzee hapakuwa na mama mkwe wala watoto. Uji uliwekwa mlangoni, bakuli likarudishwa mlangoni, na siku zikapita hivyo. Nyumba nzima ilikuwa kimya kama redio isiyo na betri.

Kwa sababu hiyo banda letu lilikuwa na milango miwili na pazia la magunia ya kakao lililogawa ukumbi katikati, kutoka nyuma hadi karibu na TV. Kulia walikaa wanaume, na wazee wakiwemo. Kushoto walikaa wanawake. Wote waliiona TV, hawakuonana wao. Mimi nilikaa mbele kabisa, pazia lilipoishia, nikiona pande zote mbili. Kazi yangu nyingine, ambayo hakuna aliyenieleza kabla ya kuanza, ilikuwa kutangaza. Mkwe wa mtu akionekana anakuja, nilikatiza hata busu la Mzungu nikasema kwenye maiki, "Mlango wa mbele, heshima inaingia." Upande wa kushoto wangerekebisha vitenge na kushusha sauti. Kisha busu linaendelea.

Ndipo ikaja ile michezo. Ilikuwa mikanda sita, kila mmoja na kipande chake, imeandikwa namba mgongoni kwa kalamu nyekundu, kopi ya kopi ya kopi. Sura za watu zilionekana kama zimepakwa uji. Hadithi ilihusu wanawake wawili wanaoishi chumba kimoja na kila mmoja angefaa kuishi na mtu mwingine yeyote. Mmoja alifuta meza kabla ya kula, baada ya kula, na nadhani hata katikati. Nikamwita Bi Ratiba. Wa pili alilala na viatu na kupika redio ikiimba juu ya jiko. Nikamwita Bi Rabsha. Majina yao ya kweli sikuyasikia vizuri.

Hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kukutana na watu wanaocheka bila kuonekana. Mnaijua ile, mtu akisema neno, kundi lisilojulikana linaangua kicheko. Ukumbi ukataharuki. "Wako wapi hao?" Nikasema ni majirani, ukuta wa huko ni mwembamba. Wakaridhika, ila mama mmoja alisema majirani wa namna hiyo angehama. Kikazi walinisaidia sana. Majirani wakicheka, ujue umechelewa, una kama pumzi mbili za kutunga kichekesho chako ili na wa kwako wacheke. Kwa hiyo banda lilicheka mara mbili: kwanza majirani, kisha Ipyana.

Isipokuwa mtu mmoja. Upande wa kushoto, karibu kabisa na pazia, Tusekile alikuwa anacheka pamoja na majirani. Pumzi mbili kabla ya wenzake. Na nilipotoa kichekesho changu, alikuwa ananitazama tu, kichwa kimelala upande, kama mwalimu anayesoma insha ya mtu anayemwonea huruma. Ilinichukua mkanda mzima kuelewa: huyu amesoma ng'ambo, Kiingereza kinamwingia masikioni moja kwa moja. Tangu hapo nilifanya kazi nikitokwa jasho. Mtu mmoja mle ndani alijua kila uongo wangu, na hakuwa na ruhusa ya kufungua mdomo, kwa sababu kila Jumamosi saa nane mchana, upande wa pili wa magunia, baba mkwe wake alikuwa ameketi.

Mzee alikuwa hakosi. Na sababu yake ilikuwa Bwana Kofia.

Bwana Kofia alikuwa mzee mwenye kofia aliyekuja kila kipande kwenye chumba cha wale wanawake. Akigonga tu, Bi Rabsha anashika koti lake, analikumbatia, anatokea mlango wa jikoni. Mara moja alipitia dirishani. Kipande cha kwanza nilikaa na maiki nikijiuliza huyu ni nani, na kwa nini yule anamkimbia. Nikaangalia mikono kama nilivyofundishwa. Mikono ilisema woga wenye heshima ndani yake. Mtu wa Kyela akiona mwanamke mzima anatoka mbio mlango wa nyuma kwa sababu mzee anaingia mlango wa mbele, ana jibu moja tu. Nikasema kwenye maiki, "Huyu ni baba mkwe wake."

Ukumbi ukapumua. "Kumbe na Wazungu!" mtu alisema. Mzee Ambakisye aligonga benchi kwa ngumi, taratibu, mara tatu. Ndivyo alivyokuwa anapiga makofi. Wiki iliyofuata alikuja na wazee wenzake kutoka Ikolo na Mwaya. Nikasikia kanisani kasimama, akasema huko kwenye mkanda mwanamke ametoka dirishani kwa kumheshimu mkwe, na vijana wetu wajifunze.

Mikanda minne tulikwenda hivyo, na sikuwahi kusikilizwa vile tena.

Utaratibu wetu ulikuwa kuutazama mkanda siku moja kabla, mimi na Gwakisa tu. Ijumaa tukauweka wa tano. Bwana Kofia akagonga. Bi Rabsha akashika koti. Kisha akaliweka chini. Akafungua mlango, wakatazamana, majirani wote kimya. Bwana Kofia akafungua mikono, Bi Rabsha akaingia. Wakakumbatiana, redio ikawashwa, na baba mkwe akacheza muziki na mkamwana wake, shavu kwa shavu, chumba kizima. Bi Ratiba kasimama pembeni na ufagio, analia.

Gwakisa alitoa leso akafuta deki ambayo haikuwa na vumbi.

"Turuke mkanda," nikasema.

"Namba zimeandikwa mgongoni, na mzee anazisoma mwenyewe."

"Tukimbize mbele kipande hicho."

"Ikikimbizwa mbele inameza. Umesema ni mkwe, wewe. Jaza."

Sikulala vizuri, na mimi kulala ndicho kipaji changu. Gwakisa hakuwa na kazi nyingine wala mimi sikuwa na nyingine iliyo karibu na nyumbani.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mzee yuko kwenye benchi, baiskeli iko ukutani, Tusekile yuko nyuma ya pazia. Mlango ukagongwa kwenye mkanda, na mimi nikatoa dawa niliyoiandaa usiku kucha.

"Huyu aliyeingia leo," nikasema kwa sauti ya uhakika, "si yule mkwe. Ni pacha wake. Kafika leo kutoka mbali."

Mtu wa nyuma: "Pacha wa mkwe ni mkwe!"

Upande wa wanawake: "Tena huyu mgeni ndiyo zaidi!"

Na wale wawili wakaanza kucheza.

Mzee Ambakisye alisimama. "Zima."

Gwakisa kwa kuchanganyikiwa hakuzima, alisimamisha. Deki yetu ikisimamishwa ilikuwa inatetemesha picha, basi Bwana Kofia na Bi Rabsha wakabaki wamekumbatiana mbele yetu sote, wanatetemeka kama watu waliofumaniwa.

"Wiki nne umenieleza huyu ni mkwe," mzee alisema, si kwa kelele. "Nimesimama kanisani nikalisema. Leo mkwe anacheza muziki na mke wa mwanawe, juu ya kiwanja changu, mbele ya mke wa mwanangu na wake wa wana wa wenzangu. Jumatatu mng'oe bati."

Gwakisa aliinamisha kichwa. Mimi maiki ilikuwa bado mdomoni, na banda zima lilisikia nikimeza mate.

"Lusajo."

Sauti ya Tusekile ilitoka nyuma ya pazia, ikiniita mimi. Ndogo, lakini iliwageuza watu wote. Wanawake walio karibu naye walijisogeza pembeni kama amewaka moto. Mzee naye aliisikia. Hakuwahi kuisikia kwa karibu namna ile tangu harusi. Papo hapo akageuka akatazama ukuta, akaitazama baiskeli yake.

"Lusajo," alisema akiiambia baiskeli, "mwambie anayeongea kwamba aliyesimama anasikia."

Kutoka mmoja hadi mwingine hakukuwa na hatua nne. Gwakisa aliniminya bega. "Kwenye maiki," alinong'ona. "Ikitoka kwako, haijatoka kwake."

"Aliyesimama anasikia," nikasema kwenye maiki.

"Mwambie yule wa kofia si mkwe wa mtu," Tusekile alisema, ameinama, anaongea na magoti yake. "Ni mwenye nyumba waliyopanga. Kiingereza chao nimekisikia. Mtafsiri alisikia vibaya."

"Anayeongea anasema yule ni mwenye nyumba," nikasema. "Anasema mtafsiri alikuwa... amechoka."

"Usimkate maneno," mzee aliiambia baiskeli. "Kasema alisikia vibaya."

Ukumbi ukacheka, pande zote mbili. Kicheko kile kilinifaa, kilinipa nafasi ya kupumua.

Mzee alingoja kiishe. "Muulize. Kama ni mwenye nyumba, kwa nini wiki nne anamkimbia kama mkwe?"

Nikauliza. Niliona vidole vya Tusekile vinakunja pindo la kitenge, vinakunjua, vinakunja.

"Ana paka," alisema.

"Ana paka," nikasema.

"Nyumba ile hawaruhusu paka. Kila mwenye nyumba akija, anamficha ndani ya koti, anatoka naye. Leo mwenye nyumba amemwona paka, kamkubali. Ndiyo furaha hiyo."

Mnajua watu. Kwenye TV ile ambayo hukuweza kutofautisha pua na mdomo, ghafla kila mtu alikuwa amemwona paka. "Nilisema mimi! Lile koti lilikuwa limevimba!" Mwanamume mmoja: "Mimi nilidhani mimba." Mama mwingine aliapa alimsikia analia kipande cha pili.

Mzee hakuwa amegeuka. Aliigusa kengele ya baiskeli kwa kidole, bila kuipiga.

"Muulize," alisema, "paka huyo ni wa rangi gani."

Vidole viliacha kukunja.

"Mweusi," alisema Tusekile. "Ndiyo maana haonekani."

"Mweusi," nikasema, na sauti yangu mwenyewe ilinitoka kama ya mtu mwingine. "Ndiyo maana haonekani."

Deki ilianza kulia. Mzee alirudi kwenye benchi lake, akaketi.

"Mwambie ndaga," alisema. Asante, kwa lugha ya kwetu.

"Anasema ndaga."

Jibu halikuja kwa maneno. Nilisikia tu kitenge kikisugua udongo. Alikuwa amepiga goti.

Bati halikung'olewa. Mkanda wa sita tuliuonyesha bila tatizo, na wale wanawake wawili waliendelea kuishi pamoja, mmoja anafuta, mwingine anamwaga. Lakini mimi niliongezewa kazi. Jumanne iliyofuata nikiwa nazungusha mkanda kwa penseli, mzee alisimamisha baiskeli mlangoni. "Mwambie anayeongea kakao zigeuzwe mapema, mvua inakuja." Nikaenda hadi uani, hatua sitini, nikasema. "Mwambie anayesikia nimezigeuza tangu asubuhi," akajibu Tusekile, "na miwani yake iko juu ya pipa." Nikarudi hatua sitini. Ikawa hivyo kila siku. Mambo ya uji, ya kuku, ya barua kutoka kwa yule mume asiyejulikana aliko. Mara nyingine walibishana, na mimi nikabishana nao kwa niaba ya wote wawili, nikitembea. Kwa mtu niliyeingia kazi hii ili nisitembee, niliona kama nimeadhibiwa.

Mzee alipougua mwisho, aliniita kitandani. Alikuwa mwepesi kama pazia. Nilitegemea wosia. Alisema, "Muulize anayeongea, yule paka bado yupo?"

Nikadhani ni homa. Nikampelekea Tusekile mlangoni maneno hayo, kama yalivyo, kwa sababu nilishakatazwa kukata. Alifunika mdomo kwa kitenge. Akacheka, na machozi yakamtoka akiwa bado anacheka. "Mwambie yupo. Anakula vizuri." Nikamwambia mzee. Akafumba macho, ameridhika. Nilimzika mzee yule bila kujua nilikuwa nimebeba nini mikononi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kama mnavyoyajua. Mikanda ikafa, zikaja CD, zikafa, ikaja flashi. Watu wakanunua TV zao, banda likawa ghala la kakao la Gwakisa, naye akaendelea kulifuta kwa leso mpaka alipolala moja kwa moja. Mimi nikahamia kurekodi sauti, na mwisho studioni kwa Lugano, ambako kuna kiti cha kuzunguka na feni.

Lugano ndiye aliyeipata ile michezo ya zamani, safi, picha kama kioo, na maandishi ya Kiingereza chini. "Tata, itafsiri upya, sasa kwa usahihi." Nikaketi kuitazama, na C yangu ilikuwa ya kusoma, kwa hiyo kwa mara ya kwanza maishani nilielewa nilichokuwa natafsiri.

Nilimtafuta paka. Nikasimamisha, nikakuza kwa vidole viwili kama ninyi. Koti ni koti. Halina kitu ndani. Kipande cha tano, Bwana Kofia anafungua mikono, na maandishi chini yanasema, wazi, kwa maneno ya kidato cha kwanza: wewe ni mke wa mwanangu. Bi Rabsha alikuwa amemwacha mume, na alikuwa anamkimbia baba wa mume kwa aibu, wiki zote hizo. Siku ile mzee alikuja kumwambia bado ni mtoto wake.

Kwa hiyo katika maisha yangu yote ya kujaza, mara ile moja nilikuwa nimepatia.

Nilichukua bodaboda mpaka kwa Tusekile, jambo ambalo mke wangu alilitangaza kwa majirani kama muujiza. Sasa ni bibi wa wajukuu, ana kochi na TV kubwa ukutani. Nikamwambia hakuna paka.

"Ugonile kwanza," alisema. "Miaka yote, halafu unaingia na paka."

Nikamsalimia vizuri, nikaketi, nikarudia.

"Najua hakuna," alisema. "Ningesemaje? Ningesema ni mkwe kweli na amecheza naye? Mngeng'oa bati. Nami ningerudi kukaa kwenye ule ua ulio kimya."

"Ulimdanganya mzee."

Akanitazama kichwa kimelala upande, vilevile kama zamani.

"Lusajo, mzee alikuwa migodini miaka kumi na ngapi sijui. Bosi wake alikuwa anamtukana kwa Kiyao?"

Nikakishika kikombe cha chai kwa mikono miwili, kama nilivyoishika maiki siku ya kwanza ya kazi.

"Kiingereza alikuwa anakijua kuliko mimi," alisema. "Nami nilikuja kujua baadaye sana, nilipomsikia akijisomea gazeti la Kiingereza la kufungia vitumbua. Siku ile alijua hakuna paka. Nimeshasema uongo mbele ya watu, nimeshikwa, sina pa kwenda. Akaniuliza rangi. Alikuwa ananipa pa kushika."

Nilikunywa chai yake yote. Kwenye banda lile watu wawili walijua Kiingereza, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa mtafsiri.

Ndiyo hivyo, Lugano. Nilirudi studioni siku iliyofuata, nikakaa kwenye kiti cha kuzunguka, nikavaa visikilizio, na kilipofika kipande cha tano nilisema nilichokisema. Unaweza kukikuza kwa vidole vyote kumi. Usikifute. Na mtu akikuuliza mbona haonekani, mwambie ni mweusi.